Mwalimu, Mlijuaje Kwamba Naweza?



Wiki hii hatuna mapishi wala mishono ya Idi. Tuna habari ya daftari moja kuukuu tulilooneshwa Kingolwira, nje kidogo ya mji wa Morogoro, na ya swali ambalo mwanafunzi wetu alituuliza tukakosa la kumjibu. Tunajua wengi wenu ni wauguzi, wakunga, watu wa maabara na wa famasia, na walimu wa fani hizo. Na hata usipokuwa mmoja wao, ipo siku utalala kitandani mikononi mwa mtu aliyefundishwa na walimu kama sisi. Kwa hiyo habari hii inakuhusu.

Sisi wawili ni walimu. Mmoja wetu anafundisha ukunga, mwengine anafundisha kazi za maabara. Tumekaa ofisi moja miaka 11, meza zinatazamana, chupa ya chai ni moja. Ndiyo maana na hili tunaliandika kwa pamoja.

Alama 92

Mwaka jana tulikuwa na mwanafunzi mmoja hodari. Hatutamtaja jina. Katika mtihani wa vitendo wa kumsaidia mtoto mchanga asiyepumua, mmoja wetu alishika karatasi ya alama na mwengine alishika saa. Binti alimkausha mwanasesere, akamsugua mgongo, akamlaza kichwa vizuri, akaweka barakoa ya ambu, akaukamua mfuko, kifua kikapanda. Yote hayo ndani ya ile dakika moja ya kwanza ambayo wakunga huiita dakika ya dhahabu, kwa sababu kwa mtoto asiyepumua kila sekunde inayozidi ina gharama yake. Tulimpa 92 kwa 100. Tulimpigia makofi.

Miezi 5 baadaye alikuwa zamu ya usiku katika wodi ya wazazi, hospitali ambayo nayo hatutaitaja. Alizaliwa mtoto wa kiume, hakulia. Mkunga mzoefu alikuwa kwa mama mwengine aliyekuwa akitoka damu. Binti akabaki peke yake na mtoto. Alituhadithia mwenyewe, macho chini: mtoto alikuwa ameroa, anateleza, si kama mwanasesere mkavu wa skuli. Barakoa haikai usoni, hewa inatokea pembeni, kifua hakipandi. Mikono yake, alisema, ilisahau. Mkunga alipokuja mbio na kuichukua ambu, mtoto alivuta pumzi, lakini muda ulikuwa umeshapita mwingi. Alifariki siku ya pili yake. Inna lillahi.

Tunaamini kadari. Tulimwambia maneno yanayosemwa: ni mapenzi ya Mungu, usijilaumu, hata wakongwe yanawafika. Alitusikiliza kwa adabu. Halafu akauliza, bila hasira yoyote:

"Mwalimu, ile 92 mliyonipa. Mlijuaje kwamba naweza?"

Hatukuwa na jibu. Tulijua kwamba aliweza siku ile, kwa mwanasesere yule, mbele yetu. Kwamba angeweza baada ya miezi 5, usiku, peke yake, na mtoto aliyeroa, hilo hatukulijua. Tulilidhani tu. Na tumelidhani hivyo hivyo kwa kila darasa lililopita mikononi mwetu.

Kingolwira

Safari yetu ya Morogoro haikuwa ya kutafuta jibu. Ilikuwa ya kumjulia hali mwalimu mstaafu aliyemfundisha ukunga mmoja wetu alipokuwa akisoma bara. Tulisikia ameanguka akavunjika mkono. Tukapanda boti asubuhi hadi Dar es Salaam, kisha treni ya umeme, ile iliyoanza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro mwaka 2024. Kabla hata hatujamaliza visheti tulivyobeba, milima ya Uluguru ilikuwa imeshajitokeza, mawingu yamekaa juu yake kama kilemba. Kutoka stesheni tukachukua bajaji hadi Msamvu, kisha daladala ya kurudi upande wa Dar es Salaam hadi Kingolwira.

Kingolwira ni mahali pa mashamba ya zamani ya mkonge, barabara kuu yenye malori usiku na mchana, na vichochoro vya vumbi jekundu ambavyo ukishaviingia malori huyasikii tena. Mwalimu wetu anakaa nyumba ya matofali ya kuchoma yenye mwembe mbele. Tukamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akacheka.

"Morogoro wanauita mji kasoro bahari," alisema. "Leo bahari imenijia yenyewe nyumbani."

Yeye ni Mkatoliki. Rozari yake inaning'inia ukutani juu ya redio. Lakini alikuwa ameshamwita jirani Mwislamu achinje kuku, amemwazima msala, na alituonesha upande wa kibla kabla hatujauliza. Dada zetu, ukarimu wa namna hiyo humfanya mtu asiweze kuficha kitu. Baada ya kula, tukamweleza habari ya binti na mtoto na zile alama 92.

Hakutupa pole. Alinyamaza kitambo. Kisha akasema, "Mkono wangu huu haufai kitu. Inameni chini ya kitanda, mvute lile sanduku la bati."

Ndani ya sanduku, chini ya kanga na vyeti, mlikuwa na kaunta buku la jalada jekundu. Alilianza miaka mingi kabla ya kustaafu. Kila ukurasa alikuwa ameupigia mistari kwa rula: jina la mwanafunzi, siku ya mtihani, baada ya miezi 3, baada ya miezi 6. Kila alipokwenda wodini kuwakagua wanafunzi wake wakiwa mazoezini, aliwaomba warudie kazi chache alizokwisha kuwapasisha: kupima presha, kuhesabu uchungu wa mama kwa dakika 10, kumpa mtoto hewa kwa ambu. Aliyeweza alimwekea alama ya vyema. Aliyeshindwa alimwachia nafasi tupu.

Hatukuhitaji kuelezwa. Katika safu ya siku ya mtihani, vyema vilijaa kuanzia juu hadi chini. Katika safu ya miezi 3 nafasi tupu zilianza kuonekana. Katika ile ya miezi 6, kwa upande wa ambu hasa, kurasa nyingine zilikuwa nyeupe zaidi kuliko zilivyoandikwa.

"Mama, ulimwonesha nani hili?" tuliuliza.

"Nimwoneshe nani? Utafiti ni wa wenye digrii. Mimi nilikuwa na stashahada yangu na chaki." Akaligeuza daftari kwa mkono ule mzima. "Na niliona haya, wanangu. Nilidhani ni mimi nisiyejua kufundisha. Mtu anaanika aibu yake?"

Kumbe wengine waliuliza

Usiku ule, intaneti ya simu inakuja na kupotea, tulianza kutafuta kama yupo mtu mwengine aliyewahi kuuliza swali la daftari lile. Yupo. Tena hapa hapa Tanzania.

Katika Hospitali ya Kilutheri ya Haydom, mkoani Manyara, mwaka 2010 wahudumu wa chumba cha kujifungulia walipewa mafunzo ya siku moja ya kumsaidia mtoto kupumua, kwa mpango wa Helping Babies Breathe. Watafiti hawakuishia kugawa vyeti. Walikaa wakaangalia mambo mawili mbalimbali: mhudumu anafanya nini kwa mwanasesere, na mhudumu huyo huyo anafanya nini kwa mtoto wa kweli. Matokeo yalichapishwa mwaka 2013. Kwa mwanasesere, walikuwa wameendelea sana. Kwa mtoto wa kweli, mafunzo ya siku moja hayakuwa yamebadilisha utendaji wao.

Tulimsomea mwalimu wetu tukimfasiria kwa Kiswahili, sentensi moja moja. Alituambia turudie.

Wenzetu wa Haydom hawakukata tamaa. Walibadilisha namna ya kufundisha. Badala ya siku moja ndefu, wakaweka mazoezi mafupi ya dakika 3 hadi 5 kila wiki, pale pale kazini, pamoja na marudio marefu kidogo kila mwezi. Mwanasesere akawa jirani, si mgeni wa mwaka. Katika taarifa ya mwaka 2015, iliyoongozwa na Estomih Mduma wa hospitali hiyo, vifo vya watoto ndani ya saa 24 za kwanza vilikuwa vimeshuka kutoka takriban 11 hadi takriban 7 kwa kila watoto 1,000 waliozaliwa hai.

Mwalimu wetu alikaa kimya akilitazama daftari lake. Halafu akasema kwa sauti ndogo, "Kumbe hawakuwa wazembe watoto wangu. Na mimi sikuwa mzembe. Ni dawa tu ilikuwa inatolewa dozi moja badala ya kila siku."

Hatusemi daftari lile lingeibadilisha dunia. Tunasema hili tu: mwanamke mmoja wa Morogoro aliona kwa macho yake jambo la kweli, akalipigia mistari kwa rula, na akaishi nalo chini ya kitanda akilihesabu kuwa ni aibu yake binafsi. Wangapi wengine wana sanduku kama hilo? Na ni watoto wangapi wamepita hapo katikati?

Nasi kisiwani tunao mfano wetu. Hospitali ya Mnazi Mmoja, Unguja, ulifanyika mradi uitwao PartoMa, ulioongozwa na daktari Nanna Maaløe kutoka Denmark pamoja na wenyeji wa hospitali. Waliona miongozo ya kimataifa ya kumwangalia mama mwenye uchungu haitekelezeki kwa wodi yenye akina mama wengi na wakunga wachache. Basi wakakaa na wakunga, wauguzi na madaktari wenyewe, wakaandika kijitabu kidogo cha mfukoni kinacholingana na hali halisi, na wakafanya semina fupi zinazorudiwa kila baada ya miezi 3. Walipolinganisha kabla na baada, watoto waliozaliwa wakiwa wamekufa walishuka kutoka 59 hadi 39 kwa kila uzazi 1,000. Hizo si tarakimu za Ulaya. Ni za Mnazi Mmoja, wodi ambayo wengi wetu tumeingia na mikoba yetu ya uzazi.

Hata panya anaulizwa

Asubuhi yake, yule wetu wa maabara hakutulia mpaka tumekwenda mjini kuwaona panya. Pengine mmewasikia. Shirika la APOPO lilianzishwa na Bart Weetjens wa Ubelgiji mwaka 1997, na tangu mwaka 2000 makao yake ya mafunzo yako Morogoro, kwa ushirikiano na Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine. Wanawafundisha panya buku kunusa mabomu yaliyozikwa ardhini, na kunusa kifua kikuu kwenye makohozi. Panya anapita juu ya sampuli moja baada ya nyingine. Akifika penye harufu anayoijua, anasimama na kukwaruza, naye hupewa chakula. Kwa maelezo ya APOPO wenyewe, panya mmoja hupitia sampuli 100 kwa dakika 20, kazi ambayo mtu wa maabara kwa hadubini ingemchukua hadi siku 4.

Lililotugusa sisi ni jengine. Sampuli nyingi anazonusa panya zilishapimwa katika vituo vya afya, na baadhi ya wagonjwa walishaambiwa hawana kifua kikuu. Panya akisema ipo, neno lake halichukuliwi hivi hivi. Sampuli ile inarudishwa maabara kuthibitishwa. Ikithibitika, mgonjwa anatafutwa.

Tukiwa njiani kurudi Kingolwira mmoja wetu alisema, "Hata panya anaulizwa ushahidi. Sisi nani anatuuliza?"

Dada zetu, tuliosoma chuo cha Qur'ani tunalijua jambo hili tangu utotoni. Tulifundishwa kwamba hadithi haipokelewi mpaka ijulikane sanad yake: nani kaipokea kwa nani, alikuwa mkweli, alikuwa na kumbukumbu nzuri, walikutana kweli? Imam Bukhari, aliyezaliwa mwaka 810, alisafiri miji na miji kuwasikiliza wapokezi na kuwachunguza. Hatulinganishi maneno ya Mtume wetu (S.A.W.) na masomo ya uuguzi. Tunachosema ni kwamba umma uliofundishwa kuuliza "umeipata wapi?" haupaswi kuona haya kuuliza hivyo penye roho ya mama na mtoto. Mwalimu akisema "fanyeni hivi", na mwanafunzi akauliza "tumejuaje?", huyo mwanafunzi hana utovu wa adabu. Anatafuta sanad.

Na sisi mara ngapi tumemjibu, "Ndivyo nilivyofundishwa"?

Kwa nini walimu hatutafiti

Tuseme ukweli, sababu tunazo. Vipindi ni vingi, wanafunzi wamejaa, mitihani ya kusahihisha tunakwenda nayo hadi nyumbani, na nyumbani nako kuna mume, watoto, wazazi na sufuria. Fedha hakuna. Takwimu zinatutisha. Makala zimeandikwa Kiingereza kizito. Na wengi wetu utafiti tuliufanya mara moja tu, wa kumalizia digrii. Tukaufunga jalada gumu lenye maandishi ya dhahabu, tukapiga picha nalo, likaenda kukaa maktaba. Wodi tuliyoiandikia haijawahi kuliona.

Kuna na sababu ya ndani zaidi, ile ya mwalimu wetu: haya. Utafiti unaweza kukuonesha kwamba ulilolifundisha kwa miaka halifanyi kazi. Daktari akipima dawa ikashindwa, dawa ndiyo iliyoshindwa. Mwalimu akijipima, anaogopa ataonekana yeye ndiye aliyeshindwa. Kwa hiyo tunafunga sanduku.

Lakini wenzetu waliothubutu wapo. Lilian Mselle, muuguzi na mwalimu wa wauguzi katika Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili, alikaa na wanawake wenye fistula akawasikiliza. Katika kazi iliyochapishwa mwaka 2011, wanawake hao walieleza walivyosubiri: nyumbani wakisubiri uamuzi wa wengine, njiani wakisubiri usafiri, na kituoni wakisubiri mhudumu awaangalie. Kazi ile haikuhitaji mashine ya mamilioni. Ilihitaji mtu anayejua kuuliza kwa heshima na kuandika kwa uaminifu, na hizo ni kazi ambazo muuguzi anazifanya kila siku. Hata Florence Nightingale, ambaye kila skuli ya uuguzi inamsifu kwa taa yake, alikuwa mtu wa hesabu. Aliwahesabu askari waliokufa katika vita vya Crimea akaonesha kwamba maradhi yaliua wengi kuliko majeraha, na mwaka 1858 akawa mwanamke wa kwanza kupokewa katika chama cha watakwimu cha London. Tumeirithi taa, daftari tumelisahau.

Tulivyoanza

Usiku wa mwisho Kingolwira tulikaa chini ya mwembe tukapanga. Mwalimu wetu ndiye aliyekuwa mkali zaidi. Haya ndiyo tuliyokubaliana, na tunayaweka hapa kwa mwalimu yeyote anayetaka kuanza.

Kwanza, swali liwe moja na liwe dogo. Si "ubora wa elimu ya uuguzi Zanzibar". Liwe hivi: wanafunzi wetu waliopasi ambu, baada ya miezi 3 wangapi bado wanaweza? Kwa mwalimu wa maabara: wanafunzi wawili wakisoma slaidi moja ya malaria bila kuambiana, mara ngapi wanakubaliana? Swali unaloweza kulijibu kwa kalamu linatosha kwa kuanzia.

Pili, ruhusa kwanza, hesabu baadaye. Daftari la mwalimu wetu lilikuwa na majina kamili. Alipoligundua hilo mwenyewe alilifunga akasema halitoki nje ya nyumba ile. Mwanafunzi ni mtu, na alama zake ni siri yake. Hawezi kukataa kwa urahisi ombi la mwalimu anayemsahihishia, kwa hiyo ridhaa yake iombwe na mtu mwengine, na aambiwe wazi kwamba akikataa hapungukiwi na kitu. Kamati za maadili zipo kwa ajili hiyo: bara kuna Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, NIMR, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1979, na kwetu kuna Taasisi ya Utafiti wa Afya Zanzibar. Barua zao huchukua muda. Waandikie mapema.

Tatu, usiwe peke yako. Mkunga anamhitaji wa maabara, wa maabara anamhitaji anayejua takwimu, na wote wanamhitaji mtu wa kuwashikia mtoto saa moja. Kukaa pamoja mara moja kwa mwezi kuisoma makala moja na kuifasiri kwa Kiswahili ni mwanzo tosha. Ndivyo tulivyofanya kwenye kitanda cha Kingolwira, na bibi mwenye stashahada ndiye aliyeielewa kutushinda sote.

Nne, viongozi wa vyuo, mtusamehe, hili ni lenu. Mwalimu anayetafiti apunguziwe vipindi hata viwili. Na ripoti yenye matokeo mabaya ipokewe kama ile yenye matokeo mazuri. Mkimwaibisha mmoja, wote watarudisha masanduku chini ya vitanda.

Tano, majibu yarudi kwa walioulizwa, kwa lugha yao.

Turudi kwa binti

Tuliporudi Unguja tulimwita ofisini. Alikuwa ameshaandika barua ya kuacha masomo, iko mkobani. Tukamwambia tulilokuwa hatujaweza kumwambia.

"Hatukujua. Tulidhani. Tunakuomba radhi."

Alilia, na sisi tukalia, chai ikapoa. Hatukumwambia kwamba kosa halikuwa kosa, wala kwamba mtoto yule angepona. Hilo ni la Mungu. Tulimwambia swali lake ni swali zuri kuliko yote tuliyowahi kuulizwa, na kwamba tunataka kulijibu.

Sasa kila Alkhamisi kabla ya chakula cha mchana, katika chumba cha mazoezi, mwanasesere anaroweshwa maji na kupakwa mafuta kidogo ateleze kama mtoto wa kweli. Dakika 5 kwa kila mtu, taa tukipunguza mwanga. Hayo ni mazoezi tu. Hesabu yenyewe hatujaianza, maana barua ya maadili bado tunaisubiri, na tarakimu hatuna za kuwapa. Huenda ikaonekana dakika 5 hazisaidii kitu. Ikiwa hivyo tutaandika hivyo.

Anayeshika saa ni yule binti. Barua yake haijafika kwa mkuu wa skuli.

Na Mama wa Kingolwira alitupigia simu juzi. Mkono unaendelea vizuri, alhamdulillah. Ameshanunua kaunta buku jipya, anasema, na safari hii safu ya kwanza haina majina, ina namba. Kuna binti wa jirani anayesoma uuguzi, huja jioni kujifunza, na bibi hajaacha kumuuliza: umejuaje?

Ewe Mola, tujaalie elimu yenye manufaa, utuepushe na kiburi cha kudhani tunajua, na uwape subira akina mama wote waliorudi nyumbani mikono mitupu. Amin.

Mbaki salama, dada zetu. Ijumaa njema.